Ruzizi ndani ya ukuta

Maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wa umeme na wazazi wao, Kadutu, Bukavu

Wazazi wetu, mama zangu na baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa hapa mbele, asanteni kwa kupanda mlima huu katika mvua na tope. Viatu acheni vilivyo, sakafu tutaosha kesho.

Nimekuja na kipande cha waya. Kitapita mkono kwa mkono, kishikeni, kinuseni. Urefu wake ni kama kiganja. Upande huu plastiki bado ni nyekundu na laini. Upande ule imekuwa nyeusi, imevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye makaa, na shaba iliyo ndani ukiikunja inavunjika. Katikati kuna mahali ambapo nyaya mbili zilizungushwa kwa vidole zikafungwa kwa skochi, ule utepe wa kunata. Aliyezizungusha ni mimi. Nilikuwa na miaka 19.

Ilikuwa Nyamugo, mtaa wa hapa Kadutu, nyumba ya mbao kama zilivyo nyingi kule. Mama mwenye nyumba alikuwa amenunua resho, jiko la umeme, ya sahani mbili. Pesa ya waya mnene hakuwa nayo, nami nilitaka kumaliza kazi nilipwe. Nikavuta kutoka kwenye waya wa ampuli, yaani wa taa, nikaunga, nikafunga, nikapitisha nyuma ya ubao. Fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, ikaungua tena. Mara ya tatu sikuweka fyuzi, niliweka kipande cha waya mnene. Resho ikawaka, mama akanishukuru, akanipa na chakula.

Wiki ya tatu, usiku, binti yake aliamshwa na harufu. Mjomba wao akakata umeme, wakabomoa ubao kwa shoka. Ndani palikuwa pameshakuwa mkaa, mviringo mkubwa kama sahani. Hakuna aliyekufa. Lakini nyinyi mnajua nyumba zetu zinavyogusana hapa Kadutu. Moto ukiingia kwa jirani wa kwanza hauombi ruhusa kwa wa pili, na mmeshaona avenyu nzima ikilala nje kwa usiku mmoja.

Siku ile nilikuwa najua kuunga. Sikujua ni nini kinachopita ndani. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Kuunga mtajifunza na walimu wenu, miezi mingi, kwa mikono yenu. Mimi nataka mtoke hapa mkiwa mnaona kinachopita, hata waya ukiwa umefichwa ukutani.

Tuanzie Ruzizi, mto wetu. Nani hapa hajawahi kusimama pale darajani? Ziwa Kivu limetulia, liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni mengi kuliko tunavyoweza kufikiri, lakini pale yalipolala hayasukumi kitu. Halafu maji yaleyale yanaingia Ruzizi na kuanza kupiga kelele. Ni nini kimebadilika? Kilichoongezeka ni mteremko. Kule chini kuna Ziwa Tanganyika, karibu mita 770. Kati ya ziwa na ziwa maji yanashuka kama mita 700, na katika mteremko huo watu waliweka mitambo: Ruzizi I ilijengwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, na Ruzizi II, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanaimiliki pamoja, ilianza kazi mwaka 1989.

Sasa shikeni hili. Volti ni mteremko. Volti haitembei, kama vile mlima hautembei. Watu husema, "volti 220 zimempitia." Hapana. Kinachopita ni kitu kingine, volti ndiyo inayokifanya kipite. Na mteremko siku zote uko kati ya mahali pawili. Ukiniuliza, "Fundi, waya huu una volti ngapi?" nitakuuliza nami, "Kati yake na nini?" Kati ya waya huu na ule mwingine, 220. Kati ya waya huu na sakafu ya simenti uliyoikanyaga pekupeku, karibu ni hizo hizo 220. Kati ya mguu wa kulia na mguu wa kushoto wa ndege aliyetua juu ya waya mmoja, karibu sifuri, ndiyo maana anakaa pale akijitengeneza manyoya bila shida. Miguu yake yote miwili iko kwenye kimo kimoja. Angegusa waya wa pili kwa bawa, angekuwa amesimama katikati ya maporomoko.

Jina hilo limetoka kwa Alessandro Volta wa Italia. Mwaka 1800 alitangaza betri yake ya kwanza: vipande vya metali mbili tofauti vilivyopangwa juu kwa juu, kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Alikuwa ametengeneza mlima mdogo wa kuweka mezani.

Kinachopita chenyewe tunakiita mkondo, na tunaupima kwa ampea. Mtu amesimama ukingoni mwa Ruzizi anahesabu madumu yanayopita mbele yake kila sekunde: hiyo ndiyo ampea. Badala ya madumu, ndani ya shaba kuna elektroni, vitu vidogo mno. Ampea moja ni elektroni zaidi ya bilioni 6 mara bilioni 1, kila sekunde moja, zikipita mahali pamoja.

Hapa wanafunzi wengi hudhani elektroni zinakimbia kama risasi kutoka mitambo ya Ruzizi hadi jikoni kwao. Hazikimbii. Katika waya wa nyumbani mwendo wake haufiki milimita moja kwa sekunde, konokono anazipita. Basi mbona ampuli inawaka papo hapo? Kumbukeni salongo, kazi ya pamoja. Mnajenga, watu wamepanga mstari kutoka barabarani hadi juu kwenye msingi, wanapitishiana matofali, na kila mmoja tayari ana tofali mkononi. Wa chini akisukuma moja, wa juu kabisa anaweka moja chini wakati huohuo. Tofali lako wewe halijafika popote, liko kwa jirani tu. Lakini kazi imeshafika juu. Waya hauko mtupu ukingoja kujazwa. Umejaa tangu ulipotoka kiwandani, na ukibonyeza swichi mstari mzima unasogea pamoja.

Cha tatu ni ukinzani, ambao unapimwa kwa omu. Maji yakipita kwenye mto mpana hayalalamiki, yakipita kwenye mrija wa soda yanahangaika. Waya mnene na mfupi unakinza kidogo, mwembamba na mrefu unakinza sana. Mwaka 1827 Georg Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani, alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba mambo haya matatu yanashikana: ampea utakazopata ni volti ulizonazo ukigawanya kwa omu zilizo njiani. Ongeza mteremko, mkondo unaongezeka. Bana njia, mkondo unapungua. Mtaifanya hesabu hiyo mpaka muiote usiku.

Mama zangu, nyinyi mmeshaifanya bila karatasi. Saa moja jioni maharage yako motoni, na resho inakuwa nyekundu kidogo tu, kama imekata tamaa. Niliwahi kuweka kipimo kwenye prizi, yale matundu ya umeme ukutani, saa hiyo nikasoma volti 140. Tazameni jinsi maji ya bomba yanavyokuja mlimani. Walio chini wakifungua mabomba yao wote kwa pamoja, aliye juu anapata uzi wa maji. Bomba ni lilelile, lakini msukumo umeliwa njiani. Umeme nao, jioni avenyu nzima inapopika, sehemu ya mteremko inaliwa na nyaya ndefu kabla ya kufika kwako. Na hasara yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Wati ndiyo kipimo cha nguvu, volti mara ampea. Resho ya wati 2000 inapata wati 2000 kwa volti 220. Kwa volti 140 inabaki na kama wati 800 tu. Volti zimeshuka kwa theluthi moja na kidogo, lakini joto limeshuka zaidi ya nusu, kwa sababu mteremko ukipungua mkondo nao unapungua, na joto linapunguzwa na vyote viwili. Maharage hayana kosa.

Mfano wa maji lakini una mahali unapokatika, na ningekuwa nawadanganya nikiufuata hadi mwisho. Ukikata bomba, maji yanamwagika. Ukikata waya, umeme haumwagiki sakafuni, unasimama. Umeme hautembei mpaka uwe na njia ya kurudi. Kwa hiyo chukueni mnyororo wa pikipiki. Injini inavuta huku, gurudumu linazunguka kule, mnyororo unakwenda kwa juu na kurudi kwa chini. Pingili zinazofika kwenye gurudumu ndizo zinazorudi, hakuna hata moja iliyoliwa. Gurudumu limepata nguvu, na mnyororo uko mzima. Kwa hiyo ukisikia "resho inakula umeme," elewa kwamba ampea zinazoingia ndizo zinazotoka. Kinachobaki kwenye sufuria ni nguvu. Na mnyororo ukikatika popote, juu au chini, gurudumu linasimama. Ndiyo sababu kila ampuli ina nyaya mbili.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni: kama umeme wa nyumbani unabadili mwelekeo mara kwa mara, si unarudisha kazi yote? Swali zuri sana, limenifurahisha tangu asubuhi. Jibu lake wanalo wapasua mbao. Mmoja yuko juu ya gogo, mwenzake chini, msumeno unakwenda na kurudi. Jioni msumeno uko palepale ulipoanza, lakini mbao zimepangwa hapo pembeni. Umeme wa ukutani ni msumeno huo, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Wa betri unakwenda upande mmoja tu, kama mnyororo.

Sasa turudi kwenye kipande changu cha waya. Naona kimefika mstari wa nne.

Watu wengi hufikiri ukichomeka kifaa kingine unaongeza kizuizi, kama vile kuongeza mzigo mgongoni mwa mtu aliyechoka. Ni kinyume. Fikirini soko la Kadutu siku ya watu wengi. Kila mlango wa soko unaoufungua unawapunguzia watu msongamano mlangoni, na wengi zaidi wanaingia. Kila kifaa unachochomeka ni mlango mpya. Resho ni mlango mpana, pasi ni mlango, simu inayochajiwa ni tundu dogo tu. Lakini watu wote hao, mlango wowote watakaoingilia, wamepita kwanza kwenye njia moja nyembamba inayotoka barabarani. Njia hiyo ni waya wako.

Yule mama wa Nyamugo alikuwa na resho ya wati 3000. Jioni ile binti alikuwa anapiga pasi pia, wati 1200. Jumla 4200. Gawanya kwa 220, unapata ampea 19. Waya wangu ulikuwa wa milimita moja na nusu ya mraba, wa ampuli, ambao haufai kulindwa kwa fyuzi ya zaidi ya ampea 16. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, ingawa peke yake huenda lingevumilika siku nyingi. Lililochoma ni pale nilipozungusha kwa vidole. Nyaya mbili zilizosokotwa bila kukazwa hazigusani sawasawa, zinagusana kwa nukta chache. Tuseme ukinzani pale ulikuwa nusu ya omu, kiasi kidogo kabisa. Joto ni ampea mara ampea mara omu. Kumi na tisa mara kumi na tisa ni 361, nusu yake ni kama 180. Wati 180, ndani ya mahali padogo kuliko kidole, palipofungwa skochi na kukandamizwa nyuma ya ubao mkavu. Wazee mnakumbuka ampuli za zamani za wati 100, ambazo huwezi kuzishika zikiwa zinawaka. Mimi niliweka karibu mbili kwa pamoja ndani ya ukuta wa mtu, nikaenda kulala.

Sikilizeni vizuri hapo niliposema ampea mara ampea. Mkondo ukiwa mara mbili, joto haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. Mkondo ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana waya uliovumilia ampuli na redio miaka kumi unaweza kuungua mwezi mmoja baada ya resho kuingia nyumbani.

Na ile fyuzi? Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uwe wa kwanza kuungua, mahali salama, ndani ya kisanduku chake. Ilikuwa inanipigia kelele mara mbili: njia yako ni nyembamba. Nami nikaiziba mdomo. Mpaka leo nikiingia nyumba nikakuta msumari mahali pa fyuzi, siwezi kuanza kazi nyingine yoyote kabla ya kuutoa.

Binti wa shati la bluu, njoo hapa tafadhali. Usiogope. Hii ni betri ya tochi, volti moja na nusu. Hii ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nimeikata kama utepe, na katikati nimeibana mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Shika ncha hii kwenye kichwa cha betri na ile kwenye kitako, juu ya simenti. Haya. Mmeona? Moshi umetoka wapi? Si kwenye betri, wala si kwenye ncha alizoshika. Umetoka pale nilipobana, na moto umewakia palepale. Elektroni zinazopita kwenye sehemu pana ndizo hizohizo zinazopita kwenye sehemu nyembamba, kwa idadi ileile. Pana hapakusikia kitu, pembamba pameungua. Asante, mama, rudi ukae. Umeshika vizuri.

Kazini, basi, unene wa waya unafuata mzigo, haufuati mfuko wa mwenye nyumba. Shaba ya milimita moja na nusu ya mraba kwa ampuli. Mbili na nusu kwa prizi. Sita kwa jiko kubwa la umeme. Sokoni utaletewa waya unaong'aa shaba kwa nje, na ukiukwaruza kwa kisu ndani ni mweupe, alumini. Alumini inakinza kuzidi shaba, karibu mara moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo unene huohuo haubebi mzigo huohuo. Kwaruzeni kabla ya kulipa. Na kiungo kikazwe kwa domino, kile kiunganishi chenye bisi, na bisibisi, kisha ukivute kwa nguvu kuona kama kinatoka. Kikitoka, bora kimetoka mkononi mwako.

Kuhusu konteri, mita ya umeme, nitasema kidogo, maana wazazi wameniuliza pesa inakwenda wapi. Konteri inahesabu wati mara saa. Nusu saa ya resho ya wati 2000 ni sawa na ampuli ya wati 10 iliyowaka saa 100. Kwa hiyo mtoto anayesomea usiku msimfokee kwa ajili ya ampuli.

La mwisho linahusu miili yenu, vijana, na hapa nawaomba muache kunong'ona kidogo.

Ile ampuli ndogo ya wati 10 inapitisha ampea ngapi? Kumi gawanya kwa 220: chini ya sehemu 5 kwa mia za ampea moja. Milliampea 45, yaani sehemu 45 kwa elfu. Na mkondo wa milliampea 30 ukipita kifuani unaweza kuua, ndiyo maana vile visanduku vinavyokata umeme unapovujia ardhini huwekwa vikate kwenye milliampea 30. Yaani kinachotosha kuwasha ampuli ya chooni kinatosha kusimamisha moyo wa mtu. Ngozi kavu inakinza, inatulinda kiasi. Ngozi yenye maji inakinza kidogo sana. Mama anayetoka kufua, pekupeku, sakafu imelowa, akagusa resho iliyovuja umeme kwenye bati lake: amekuwa yeye ndiye waya wa kurudi. Ruzizi nzima inashuka kupitia kwake kutafuta ardhi. Ule waya wa kijani na njano mnaouona umekatwa kwenye ralonji, nyaya za kurefushia umeme, nyingi za sokoni, au haukuwekwa kabisa, kazi yake ni kuupa umeme huo njia nyingine pana kuliko mwili wa mtu. Ninyi msiukate. Mteja akisema hauna kazi, mwambieni nilichosema kuhusu mama aliyetoka kufua.

Na nyumba ya Nyamugo nilirudi. Nilirudi na waya mpya niliolipia mwenyewe, nikaomba msamaha mbele ya binti yule aliyesikia harufu, nikafungua ubao kwa ubao mpaka kwenye konteri. Mama alikaa kwenye kiti akinitazama siku nzima, hakusema neno mpaka nilipokaza bisi ya mwisho. Ndipo akaomba nimpe kile kipande kilichoungua. Nikamwambia naomba kibaki kwangu.

Kimeshafika nyuma? Kirudisheni mbele. Mezani nimeweka nyaya za unene tatu, kisu na domino. Njooni mkwaruze, mkaze, mvute. Wazazi watangulie.